Ota, Oza

Mama, juzi uliniuliza kwa simu
kazi ninayofanya hapa Uyole ni kazi gani hasa,
maana majirani wa Isongole wanasema
Tumpe anasaga majani kinuni kama mganga
na mwisho wa mwezi analipwa.
Salio likakatika kabla sijajibu.
Basi naandika. Mtoto wa Mwasyoge akusomee, polepole.

Ni kweli, nasaga majani.
Jani la kiazi, chumvi, sabuni kidogo,
kisha spiriti ya baridi, naitiririsha ubavuni mwa chupa
taratibu, unavyomimina uji wa mgonjwa.
Ukisubiri
zinapanda nyuzi nyeupe,
laini kama kamasi, samahani, ndivyo zilivyo.
Nazizungusha kwenye kijiti.
Hapo nimeshika maandishi ya kiazi.

Hayasomeki kwa macho. Lakini ungeweza,
ungeiona kamba yako ya kufungia lumbesa:
nyuzi mbili zilizosokotana,
na kati yake vipago, kama ngazi ya darini.
Kila kipago ni herufi mbili zinazoshikana.
A humshika T kwa mikono miwili.
G humshika C kwa mitatu.
Hawabadilishi wenza. Usicheke.

Herufi nne tu! Niliziona chache
hadi nilipokumbuka sweta zako:
mishono miwili, miaka thelathini,
na hakuna sweta lililofanana na jingine.

Kitabu hicho hakitoki chumbani,
kama daftari la madeni la duka la Ambwene.
Anayetaka habari hunakili ukurasa mmoja
kwa uzi mmoja, mwembamba, usiodumu,
na penye T nakala huandika U.
Nakala hupita mlangoni, hadi kwenye kiwanda
kidogo kuliko chembe ya unga,
kinachosoma tatu, tatu, tatu.
AUG: anza.
Wachukuzi wanakuja, kila mmoja na mzigo wake
na herufi zake tatu kifuani kama kitambulisho.
Zikioana, anatua. Zisipooana, anarudi nao.
Mzigo unashonwa kwenye mzigo,
GCU, halafu UGG, halafu CAU,
mpaka lije neno lisilo na mchukuzi,
UAA,
na kiwanda kinaachia mnyororo.
Mnyororo unajikunja wenyewe,
unakuwa protini:
kufuli, au panga, au mlinzi wa jani.

Mwaka ule wa baka jani
shamba letu lilinuka hadi barabarani.
Ulifukua kwa mikono, ukanyamaza siku mbili.
Mlinzi alikuwepo, mama. Aliandikwa vibaya tu.
Mwambie mtoto akuoneshe hapa:
ota.
oza.
Herufi moja, na mdogo wangu akarudishwa ada.

Ndiyo ninayoitafuta, jani baada ya jani.
Siku nyingine napata maji matupu.

Na jambo moja, nilitaka nisiliandike.
Nusu ya maandishi yangu ni yako:
usingizi mwepesi, meno haya yenye mwanya.
Nusu nyingine iliandikwa na mtu
ambaye jina lake hulitaji, nami sikuulizi.
Lakini jana, nikivua glavu,
niliona kidole changu cha mwisho kimepinda kwa ndani.
Chako kimenyooka.
Kuna mtu mahali, Chunya au wapi,
anashika kikombe cha chai kwa kidole hiki.

                  *

Jibu limefika leo kwa basi, ndani ya kiroba cha njegere,
kwa mwandiko wa mtoto wa Mwasyoge:

"Mama anasema amesikia. Ndaga.
Mambo ya kidole mtaongea ukija.
Mvua imenyesha Jumanne, matuta yako tayari.
Anauliza, hiyo mbegu isiyoota
utamletea lini?"